Muuzaji asiye na mzigo: Biashara ya oda mtandaoni na ulinzi wa mnunuzi

Simu yako inaonyesha picha ya pampu ya kunyunyizia dawa, ile ya kubeba mgongoni inayotumia betri. Bei ni nzuri, na chini yake pameandikwa "Tunatuma mikoa yote". Unampigia muuzaji, anapokea kwa heshima, anakupa namba ya kulipia. Kuna jambo moja hukumuuliza, naye hakukwambia: pampu hiyo hana. Hajawahi kuishika. Ukishalipa ndipo atakwenda kuitafuta.

Watu wengi huhisi wameibiwa wanapogundua hivyo. Si lazima iwe wizi. Ni aina ya biashara, ina namna yake ya kufanya kazi, na wengi wanaoifanya ni waaminifu. Lakini hatari zake nyingi humwangukia mnunuzi, hasa aliye mbali na duka, kama mkazi wa Ihumwa anayenunua kitu kilichoko Dar es Salaam au China.

Biashara yenyewe ni ipi?

Wafanyabiashara wa mtandaoni huiita dropshipingi. Maana yake ni kuuza bidhaa usiyokuwa nayo. Muuzaji anachukua picha za bidhaa ya mtu mwingine, anaziweka kwenye ukurasa wake na kuongeza bei. Mteja akilipa, anachukua sehemu ya fedha hiyo, anainunua bidhaa kwa mwenye mali, kisha mzigo unatumwa moja kwa moja kwa mteja. Kinachobaki ni faida yake. Hana stoo, hana fremu, na kama bidhaa haikununuliwa hajapoteza mtaji.

Aliyewahi kwenda Kariakoo anaijua biashara hii kwa jina jingine. Pale kuna vijana wanaoitwa mawinga. Winga anakukuta barabarani, anakuuliza unatafuta nini, anakupeleka duka la mtu, na kwenye bei ya duka anaweka cha juu chake. Tofauti ni moja tu. Kwa winga wa Kariakoo unakiona kitu kabla ya kulipa. Kwa winga wa mtandaoni unalipa kwanza, kitu unakiona baadaye.

Si jambo la Afrika Mashariki peke yake. Mwaka 1999 huko Marekani kampuni ya kuuza viatu ya Zappos ilianza hivyo hivyo: mwanzilishi wake alikwenda kwenye maduka ya viatu, akapiga picha, akaziweka kwenye tovuti, na mteja aliponunua alirudi dukani kuvinunua viatu hivyo. Mwaka 2003 kampuni iliamua kuacha kuuza viatu isivyokuwa navyo. Ilikuwa ikiwaahidi wateja mzigo ulio mikononi mwa watu wengine, na watu hao wakichelewa au wakiishiwa, lawama iliirudia yenyewe. Tatizo hilo ndilo linalowakuta wanunuzi wetu leo.

Kwa upande wa China, soko la AliExpress lilianza mwaka 2010, na limerahisisha mtu yeyote mwenye simu kuuza bidhaa za viwanda vya kule bila kusafiri. Hapa Tanzania biashara hii inapita sana kwenye Instagram, Facebook na makundi ya WhatsApp, na pia kwenye masoko ya matangazo kama Jiji na Kupatana. Kwenye masoko ya matangazo, kumbuka kwamba mwenye tovuti kwa kawaida anatoa ubao wa kutangazia tu. Anayekuuzia ni yule aliyeweka tangazo.

Faida yake kwa mtu wa kijijini

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 400. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula na mahali pa kulala vinaweza kuzidi cha juu cha winga. Kijana anayezunguka Kariakoo kwa niaba yako anakufanyia kazi, na ni haki alipwe. Wapo wanaochagua vizuri, wanaojaribu kitu kabla ya kukifunga, na wanaopiga simu kukuambia mzigo umepakiwa basi gani.

Ubaya unaanza pale anapokuficha kwamba mzigo si wake.

Mnunuzi anaumia wapi?

Bei. Tuchukulie mfano. Pampu inauzwa shilingi 60,000 dukani. Aliyeitangaza anaiuza 85,000. Kama jirani yako naye ameichukua tangazo hilo na kulituma kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, anaweza kuitaja 95,000. Picha ni ile ile, kitu ni kile kile, ila kimepita mikono miwili. Ndiyo maana utaona tangazo moja lina bei tatu.

Muda. Hapa ndipo mkulima anapoumia zaidi. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Mzigo ulioko Kariakoo unaweza kupandishwa basi leo jioni na kesho ukaupokea stendi ya Nanenane. Mzigo ulioko China ukija kwa meli unachukua mwezi na zaidi, bado kuutoa bandarini. Ukiagiza Novemba bila kujua umeagiza China, pampu inaweza kukufikia magugu yameshakuzidi na wadudu wameshashambulia. Mzabibu ukishashikwa na ubwiri hausubiri meli.

Ubora. Muuzaji ambaye hajakishika kitu hawezi kukueleza uzito wake, betri inakaa saa ngapi, wala kama vipuri vinapatikana mjini. Anakusomea maelezo aliyoyanakili. Paneli ya sola iliyoandikwa wati 100 anaamini ni wati 100 kwa kuwa imeandikwa hivyo. Hana kipimo na hakuipima.

Kurudisha. Kitu kikifika kibovu, mwenye duka atasema hakujui, kwa kuwa hukununua kwake. Muuzaji atasema anasubiri jibu la mwenye duka. Nauli ya kurudisha mzigo Dar es Salaam nani atalipa? Kama ulitoka China, gharama ya kuurudisha inaweza kuzidi bei ya kitu chenyewe. Wengi huamua kunyamaza na kukubali hasara.

Taarifa zako. Ili mzigo utumwe, jina na namba yako ya simu hupita kwa watu kadhaa. Usishangae ukipata meseji kutoka kwa usiyemjua inayotaja bidhaa uliyoagiza na kukutaka ulipe "ada ya ushuru". Kabla ya kutuma chochote, mpigie uliyemlipa mwanzo.

Swali moja linalowatenganisha wauzaji

Ukikutana na tangazo, uliza: "Mzigo uko wapi sasa hivi?" Jibu litakuonyesha unazungumza na nani kati ya watu wanne.

1. Mwenye mzigo. Atakutajia duka, mtaa na jengo. Ukiwa na ndugu mjini anaweza kwenda kuuona.

2. Winga wa ndani. Mzigo uko kwenye duka la mtu mwingine hapa nchini. Mwaminifu atakwambia hivyo bila kuzunguka. Huyu anaweza kwenda dukani na kukurekodia video leo.

3. Muuza oda. Mzigo uko nje ya nchi. Hana cha kukuonyesha isipokuwa picha. Mwaminifu atakutajia tarehe ya kutarajia na njia ya usafiri, meli au ndege.

4. Tapeli. Mzigo haupo popote. Atakujibu kwa haraka, atakwambia zimebaki mbili tu, na atakuhimiza ulipe kabla ya saa fulani.

Namna ya kuhakiki ni rahisi. Mwombe akutumie video fupi ya bidhaa ikiwa imewashwa, pembeni yake pawe na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Mwenye mzigo ataweza. Winga ataweza akifika dukani. Muuza oda na tapeli hawataweza. Muuza oda mkweli atakueleza kwa nini, na tapeli atakasirika au atabadili mada.

Kabla ya kulipa

Omba malipo yagawanywe: kianzio kidogo, kinachobaki ulipe mzigo ukifika stendi. Mwenye mzigo mara nyingi hukubali. Akikataa, omba upewe picha ya risiti ya kutumia mzigo yenye jina la basi kabla ya kumalizia.

Soma jina linalojitokeza kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Kama ukurasa una jina la duka na fedha inakwenda kwa jina la mtu binafsi, uliza huyo ni nani. Lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara inakuachia ushahidi mzuri zaidi kuliko kumtumia mtu fedha ya kawaida.

Kubalianeni kwa maandishi, hata kwa meseji, mambo manne: kitu gani hasa, bei yote pamoja na usafiri, siku ya kufika, na nani atabeba gharama kikiwa kibovu au kikipotea njiani. Mkiongea kwa simu, mwandikie baada ya kukata: "Kama tulivyokubaliana…" kisha orodhesha. Akijibu "sawa", umepata mkataba.

Mzigo ukifika, ufungue pale pale stendi mbele ya mtu, na kama unaweza, rekodi video ukiufungua.

Sheria inasemaje?

Mkataba wako ni na yule uliyemlipa. Hawezi kujitoa kwa kusema "mimi ni winga tu" kama alikuuzia kwa jina lake na hakukwambia mapema.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Ulinunua kwa kusoma tangazo, kwa hiyo tangazo ni sehemu ya makubaliano. Lipige picha na kulihifadhi, maana matangazo hufutwa. Sheria hiyo hiyo ina jambo la kukutahadharisha: muuzaji akishakabidhi mzigo kwa msafirishaji, kwa kawaida huhesabiwa amekukabidhi wewe, isipokuwa kama mlikubaliana vingine. Ndiyo sababu suala la kupotea njiani liandikwe mapema.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza mtandaoni ajitambulishe kwa mteja, atoe mawasiliano yake na aeleze bidhaa anayoiuza. Nayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kwa maelezo ya uongo.

Ukishadhulumiwa

Tofautisha mambo mawili. Kama mzigo umechelewa au ni mbovu na muuzaji bado anapokea simu, huo ni mgogoro wa biashara. Mwandikie ukitaja unachodai na siku ya mwisho ya kujibu. Asipotekeleza, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC. Unaweza pia kufungua madai mahakama ya mwanzo, ambayo husikiliza madai ya deni linalotokana na mkataba. Meseji, muamala na video ya kufungua mzigo ndivyo vitakavyokusemea.

Kama amekufungia namba na ukurasa umepotea, huo ni utapeli. Usipoteze muda kumbembeleza. Piga huduma kwa wateja wa mtandao uliotumia kulipia, namba 100, ueleze muamala wenyewe. Fedha ikiwa bado haijatolewa kwa wakala kuna uwezekano wa kuizuia. Ikishatolewa ni vigumu. Tuma namba ya tapeli kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA kwa ajili hiyo, kisha toa taarifa kituo cha polisi. Usione haya. Wengi hunyamaza kwa kuogopa kuchekwa, na kunyamaza kwao kunampa tapeli nafasi ya kuhamia kijiji cha pili.

Na wewe unayeuza

Wapo wasikilizaji wetu, hasa vijana, wanaofanya biashara hii kwa simu zao. Hakuna aibu kusema "mzigo uko Kariakoo, nikupelekee video saa nane" au "hii ni oda, inachukua wiki sita". Utapoteza wateja wenye haraka. Utabaki na wanaojua wanachosubiri, na hao hurudi.

Kwa mnunuzi, neno ni lile lile. Kabla ya kuuliza bei, kabla ya kuomba punguzo, uliza mzigo uko wapi. Asiyeweza kujibu swali hilo asipewe fedha ya msimu.