Matundu ya Ukuta na Mtetemeko wa Ardhi

Matundu ya ukuta ni nafasi zinazoachwa kwa ajili ya milango, madirisha na hewa. Katika jengo la zege lenye nondo, uzito hubebwa na nguzo, boriti na slabu. Kuta za matofali hujazwa baadaye kati ya nguzo, na mafundi wengi huziona kama pazia tu. Ardhi ikitikisika, pazia hilo hugeuka mhimili: ukuta mzima huikaza fremu kwa mshazari, kutoka kona ya juu hadi kona ya chini ya upande wa pili. Dirisha likikata njia hiyo, nguvu hulizunguka, na nyufa za kwanza huanzia pembeni mwake.

Hatari kubwa zaidi huonekana kwenye majengo ya biashara, yale ya kawaida Bumula, Bungoma na Kitale, magharibi mwa Kenya: chini maduka yenye milango mipana ya chuma, juu vyumba vya kupanga vilivyojaa kuta. Orofa ya chini huwa legevu, na karibu msogeo wote huangukia nguzo zake. Ukuta wa nyuma ukiwa mzima na mbele wazi, jengo pia hujizungusha, nguzo za mbele zikisukumwa zaidi.

Madarasa yana kasoro yake. Ukuta hufika kiunoni, kisha madirisha hutanda kutoka nguzo hadi nguzo. Nguzo ya mita 3 iliyobanwa hadi nusu hubaki na mita 1.5 huru, ugumu wa sehemu hiyo ni takriban mara 8 ya ule wa nguzo isiyobanwa, hivyo huvuta nguvu nyingi na kupasuka kwa alama ya X. Hukingwa kwa kuacha mwanya kati ya ukuta na nguzo, au kwa kusonganisha ringi zinazofunga nondo urefu wote wa nguzo.

Kenya imewahi kutikisika vibaya: tetemeko la Subukia la Januari 6, 1928 lilikuwa na kipimo cha 6.9, na mwongozo wa serikali wa kujenga kwa kuzingatia matetemeko ulitolewa mwaka 1973. Ng'ambo ya Ziwa Viktoria, Bukoba ilipigwa na tetemeko la 5.9 mnamo Septemba 10, 2016.

Tundu lisilo kwenye ramani ndilo gumu kudhibiti. Mpangaji huunganisha maduka mawili kwa kubomoa ukuta wa kati; nguzo hubaki zilezile, nondo zilezile, lakini kikazo kilichokuwa kati yazo hakipo tena.