Nyumba ya mtu wa mshahara mdogo: toka kambi mpaka lupango

Tunapozungumza juu ya desturi, tunafikiri kwanza ngoma, ndoa na matanga. Mara chache tunakumbuka nyumba. Lakini nyumba nayo ni desturi, na namna watu wa Lubumbashi walivyojenga toka mji ulipoanza mwaka 1910 inatufundisha mingi juu ya swali linalotusumbua hata leo: mtu wa mshahara mdogo alale wapi?

Tuanze kijijini, kwa sababu njo kule wazee wetu walitoka. Nyumba ya kijiji ilikuwa ya miti, udongo na majani. Haikuombwa kwa bwana yeyote. Kijana alikata miti, ndugu na majirani walikuja kusaidia, wanawake walichota maji na kupika, na kisha siku chache mtu alikuwa na pa kulala. Jiko lilikuwa nje, vijana wakubwa walilala pembeni. Jamaa ikiongezeka, wanaongeza nyumba ingine. Makuta hayakutumika, lakini kazi ya mikono ilikuwa mingi, na nyumba ile haikudumu miaka mingi.

Kisha ikaja kazi ya shaba. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likatoa shaba ya kwanza. Wafanyakazi walitoka mbali: Kasai, Lomami, Rodezia ya Kaskazini, baadaye hata Rwanda na Burundi. Mwanzoni waliandikwa kwa muda mfupi, bila wake wala watoto. Vibanda vya kambi vilikuwa vya haraka, watu wengi chumba kimoja, na magonjwa ya mapafu na ya tumbo yaliua wengi. Kampuni iliona hasara: mtu akifa ao akirudia kwao, inabidi kutafuta mwingine na kumfundisha upya.

Njo sababu, kuanzia mwaka 1928, kampuni ilibadili siasa yake. Ilitoa kontra ya miaka mitatu, ikamkubalia mfanyakazi alete bibi na watoto. Kambi zikapata nyumba za matofali, maji, posho, hospitali na masomo. Watu walizoea kusema kama kazi ni baba na mama. Wengi katika sisi tulilelewa na wazee waliozaliwa katika nyumba zile, na hatuwezi kusema zilikuwa mbaya. Kuta zake zingine zingali zinasimama.

Lakini kulikuwa neno moja gumu. Nyumba ilikuwa ya kazi, haikuwa ya mtu. Mfanyakazi akifukuzwa, ao akizeeka, ao akifa, jamaa ilipaswa kutoka. Mjane aliyeishi mule miaka makumi mawili alifunga mizigo yake sawa mgeni. Hata kupanua baraza hakukuwa haki yake. Alipewa ukuta mzuri, lakini hakupewa pa kukaa milele. Nje ya kambi, katika sité za weusi kama Kamalondo na Kenya, watu walikuwa na uhuru kidogo zaidi, lakini kipande cha ardhi wazi kiliwatenga na mji wa wazungu, na nyumba hazikutosha.

Kisha vita ya pili ya dunia miji ilijaa sana. Serikali ya Ubelgiji ikatafuta njia mbili. Ya kwanza ilikuwa mkopo: mtu anapewa kiwanja, anakopeshwa vifaa ao falanga, anajenga mwenyewe pamoja na masoni wake, analipa polepole. Katuba ilikua hivyo katika miaka ya 1950. Ya pili ilikuwa Office des Cités Africaines, ambayo watu waliita OCA, iliyoundwa mwaka 1952. OCA ilichora barabara, mitaro na viwanja mbele ya kujenga, kisha ikatengeneza nyumba za namna mbalimbali, na kuziuza ao kuzipangisha. Hapa kwetu tunaiona Ruashi. Bukavu wako na Bagira. Kinshasa kuko Matete na Bandalungwa. Hata Bujumbura wako na Ngagara.

Kazi ya OCA ilikuwa na akili. Matofali, milango na malata vilinunuliwa kwa wingi ili bei ishuke. Lakini wenye mshahara wa chini kabisa walibaki nje, kwa kuwa hawakuweza kulipa kila mwezi. Mwaka 1955 Fonds du Roi iliundwa ili kupunguza mzigo ule kwa wasio na uwezo. Tena wachoraji hawakuuliza mama wa nyumba anapika wapi. Waliweka jiko ndani, lakini mbabula ya makala inataka hewa. Basi wenyeji wakatoa jiko nje, wakaongeza chumba cha vijana nyuma. Nyumba ya OCA iligeuka polepole kuwa lupango wa kijijini, na hiyo haikuwa uharibifu. Ilikuwa wenyeji wakimaliza kazi ambayo mchoraji aliiacha katikati.

Kisha uhuru wa 1960 ujenzi wa namna ile ulisimama. Office National du Logement iliyoundwa mwaka 1965 haikuweza kufuata mwendo wa watu waliokuja mjini. Mwaka 1973 sheria ilitangaza kwamba ardhi yote ni ya Serikali, na mtu hupata haki ya kuitumia. Paka hivyo watu waliendelea kununua viwanja kwa makaratasi dhaifu, na kujenga kwa nguvu zao wenyewe.

Nguvu ile ilitoka katika kichuguu. Udongo wa vichuguu vyetu vikubwa vya Katanga hushikamana vizuri. Wakati wa kiangazi watu huchimba, wanakanyaga udongo na maji, wanaumua tofali katika kisanduku cha mbao, wanalianika, kisha wanapanga tanuru na kulichoma kwa kuni. Ukuta unajengwa kwa udongo, simenti kidogo inawekwa chini na nje, pale mvua inapopiga. Mwaka huu msingi, mwaka kesho kuta, malata yatafuata. Mji huu wa watu zaidi ya milioni mbili umejengwa sehemu kubwa namna hiyo, bila mchoraji na bila benki.

Lakini tuseme ukweli: tanuru linakula miti. Pori la miombo limerudi mbali sana na mji, kwa sababu ya tofali na ya makala. Njia ingine iko: udongo uleule, ukichanganywa na simenti kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono, unatoa tofali lisilotaka moto.

Basi historia inatuambia nini? Kijiji kilitufundisha msaada wa majirani na nyumba inayoongezeka. Kambi ilitufundisha kama ukuta mzuri bila haki ya kukaa si nyumba. OCA ilitufundisha kutangulia na barabara, mtaro na maji, na kununua vifaa pamoja. Kichuguu kilitufundisha kama maskini anaweza kujenga, akipewa muda. Anayetaka kuwajengea watu wa chini asianze na nyumba iliyokwisha. Aanze na kiwanja chenye karatasi ya kweli, mtaro, maji, na chumba kimoja imara. Mengine mwenyewe ataongeza.

Na sisi tuko na kazi yetu. Tuandike majina ya mama na ya watoto kwenye karatasi za lupango wakati baba angali mzima. Wajane wa kambi walifukuzwa na kampuni. Wajane wa leo, mara mingi, wanafukuzwa na ndugu. Desturi hiyo hatutaki kuirithisha.