Mbio ngapi zatosha? Mwogeleaji wa pwani akipanda Nyeri

Kila mtu mzima anayejaza fomu ya mashindano ya kuogelea hukutana na swali moja: nijiandikishe kwa mbio ngapi? Kwetu pwani swali hili si zito. Maji ni ya vuguvugu, pumzi haipungui, na aliyezoea kuogelea baharini huona mita 50 za bwawa ni mchezo. Lakini ukialikwa kushindana Nyeri, Nanyuki au mji mwingine wa kuzunguka Mlima Kenya, hesabu hubadilika.

Ushauri wangu kwa anayetoka pwani kwenda kushindana siku moja ni huu: mbio mbili za binafsi na moja ya kupokezana zamtosha. Ya tatu ya binafsi aiongeze tu ikiwa zote ni fupi na kati yake pana mapumziko ya kweli. Sababu zake ni hizi.

Kanuni zaruhusu nini

Shirika la kuogelea la dunia, World Aquatics, huhesabu daraja la watu wazima kuanzia miaka 25, na huwagawa kwa vikundi vya miaka mitano mitano: 25 hadi 29, 30 hadi 34, na kuendelea. Timu za kupokezana hupangwa kwa jumla ya umri wa waogeleaji wanne. Katika mashindano ya dunia ya daraja hilo, kama yale ya Doha mwaka 2024, mwogeleaji huruhusiwa mbio tano za binafsi, tena zikitawanywa kwa siku kadhaa.

Mashindano ya klabu, chuo au hoteli hujiwekea mpaka wake, na mara nyingi yote huisha kwa siku moja. Basi usiichukue ile tano ya Doha ukaibana katika asubuhi moja ya Nyeri. Soma mwaliko, kisha uliza mambo matatu: bwawa lina urefu gani, lina njia ngapi, na mbio zitafuatana vipi.

Hewa ya mlimani

Mji wa Nyeri uko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Nanyuki, karibu na mstari wa ikweta, wafikia takriban mita 1,900. Katika kimo hicho kila pumzi unayovuta huwa na oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa au Lamu. Wenyeji hawalioni hilo kwa kuwa miili yao imezoea. Wewe uliyeshuka kwenye matatu jana jioni utaliona ukipanda ngazi tu.

Upungufu huo hauziumizi mbio zote sawasawa. Waogeleaji wa Marekani wana jedwali la kurekebisha muda uliopatikana katika miji ya juu. Kwa kimo cha Nyeri, mbio za mita 50 na 100 hazirekebishwi hata kidogo. Mita 200 hupunguziwa sekunde 1.2, mita 400 sekunde 5, na mita 1,500 sekunde 23. Jedwali hilo ni la vijana wenye mazoezi ya kila siku. Mtu wa miaka 45 anayeogelea mara mbili kwa wiki asitarajie kupoteza kidogo hivyo.

Riadha ilitupa funzo hilo zamani. Michezo ya Olimpiki ya 1968 ilifanyika Mexico City, mita 2,240 juu ya bahari. Mkenya Naftali Temu alishinda mita 10,000, naye Kipchoge Keino akashinda mita 1,500. Ron Clarke wa Australia, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 10,000, alimaliza wa sita akaanguka, akahitaji kupewa oksijeni. Clarke hakukosa mazoezi. Alitoka nchi ya chini akashindana katika mbio ndefu mahali pa juu.

Kwa hiyo ukipanda Nyeri chagua mita 50 kwanza, kisha 100. Mita 200 ihesabu kama mbio mbili. Mita 400 ikiwa lazima, iwe ndiyo pekee yako ya siku. Mtindo wa kipepeo nao wala pumzi kuliko mtindo huru, hivyo uupe uzito wake katika hesabu.

Hesabu ya mapumziko

Wengi huhesabu mbio na kusahau kuhesabu dakika. Baada ya mbio fupi ya nguvu zote, mwili hurudisha nguvu ya kwanza kwa dakika chache, lakini ule uchovu unaochoma misuli hupungua polepole, kwa nusu saa na zaidi. Ukiwa juu, mapigo ya moyo nayo huchelewa kutulia.

Chukua ratiba upige hesabu. Tuseme bwawa lina njia sita na mita 50 mtindo huru ina waogeleaji 30. Hayo ni makundi matano. Kila kundi, pamoja na kupangwa na kupulizwa filimbi, huchukua kama dakika mbili. Mbio nzima ni dakika kumi. Ikiwa mbio yako ya pili ndiyo inayofuata, utarudi majini ukiwa bado unahema. Mimi nashauri angalau dakika 30 kati ya mbio na mbio ukiwa Nyeri, na zaidi ukiwa Nanyuki. Isipopatikana nafasi hiyo, futa moja.

Mapumziko hayo usiyakalie kitako. Ogelea polepole kidogo kama pana nafasi, au tembea. Kisha jikaushe na uvae nguo nzito, maana kati ya Juni na Agosti asubuhi za huko huwa na baridi na ukungu, na bwawa lisilopashwa moto humshtua mtu wa pwani. Na kabla ya kupiga mbizi usivute pumzi nyingi za haraka ukidhani unajiwekea akiba. Tabia hiyo huweza kumfanya mtu azimie ndani ya maji.

Nani apunguze zaidi

Mwenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya kulipa ada. Kuna jambo jingine ambalo pwani hatulizungumzi vya kutosha: selimundu. Kwa sababu ya historia ndefu ya malaria, wengi wetu tumebeba kinasaba chake kimoja bila kuugua. Anayekibeba huishi salama, ila nguvu nyingi za ghafla, ukosefu wa maji mwilini na hewa ya juu vikikutana huweza kumletea madhara makubwa, hata ya kifo. Kipimo chake ni cha damu tu. Aliyekutwa nacho azungumze na daktari, achague mbio moja fupi, anywe maji ya kutosha, na asimame mara tu misuli inapolegea au ubavu wa kushoto unapouma.

Safari kutoka Mombasa nayo ni mzigo. Ni takriban kilomita 480 hadi Nairobi na nyingine 150 hadi Nyeri. Aliyelala garini asijihesabie nguvu za aliyelala kitandani.

Swala, saumu na wenzako

Weka swala ndani ya ratiba tangu mwanzo. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Nyeri ina Waislamu wake wa miaka mingi, kwa hivyo msikiti haukosekani. Mashindano yakiangukia Ramadhani nawe umefunga, mbio moja fupi ndiyo kiasi, au ushangilie wenzako.

Mwisho fikiria ile ya kupokezana, ambayo aghalabu huwekwa mwisho wa siku. Mbio zako za binafsi ukizifanya vibaya hasara ni yako. Ya kupokezana ina watu watatu wengine waliosafiri na kulipa kama wewe. Anza kujaza fomu kwa mbio hiyo, kisha rudi nyuma ukihesabu ni ngapi waweza kuogelea kabla yake na bado ubaki na nguvu za kuwapa. Mshika mbili moja humponyoka, na anayeshika tano huwaponyoka wenzake.

Ukishafika ukaona kifua kinabana, mwambie msimamizi mapema kwamba unajiondoa katika mbio moja. Njia yako itapangwa upya, na hakuna atakayekulaumu. Ada haitarudi, lakini ada ni pesa kidogo.