9mm, .40 au .45? Safari ya FBI ya miaka 30 kutafuta risasi moja ya kujilinda

Nchini Marekani, mtu anayenunua bastola yake ya kwanza huanza na swali moja: kama nitabeba bastola moja tu ya kujilinda, iwe ya risasi gani?

Ubishi huu una zaidi ya miaka 100. Kuna wanaoapa kwa .45, risasi nene ya babu zao. Kuna wa 9mm. Na kuna waliotumia .40 kwa miaka mingi, leo wanaiuza.

FBI nao walipitia ubishi huohuo. Walianza kuutafutia jibu baada ya kupoteza maajenti wawili, na ikawachukua miaka 30 kulipata.

Kwanza, kaliba ni nini?

Kaliba ni unene wa risasi, yaani kipenyo chake. Wazungu wa Ulaya hupima kwa milimita, Wamarekani kwa inchi. Risasi ya .45 ina upana wa takriban milimita 11.4. Ya .40 ni kama milimita 10. Ya .22 ni milimita 5.6 tu.

Lakini usiyaamini sana majina. Risasi inayoitwa .38 Special kwa kweli ina upana wa milimita 9.1. Kumbe .380, .38 Special na 9mm zinakaribia kulingana kwa unene! Tofauti iko kwenye ganda na kiasi cha baruti, na hapo ndipo kasi inapotofautiana.

Hizi ndizo zinazotajwa zaidi:

• .22 LR: Rahisi na haina teke kubwa. Nzuri kwa kujifunza. Kwa kujilinda ina shida ya nguvu ndogo, tena risasi za aina hii hugoma kulipuka mara nyingi kuliko nyingine.

• .380 ACP: Hutumika kwenye bastola ndogo za mfukoni. Ni dhaifu kidogo kuliko 9mm.

• .38 Special: Ya rivolva, bastola ile ya silinda inayozunguka. Haina mambo mengi, lakini rivolva ndogo hubeba risasi 5 tu.

• 9mm: Ilibuniwa na Mwaustria Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20. Inatumiwa na majeshi na polisi karibu dunia nzima. Hata CZ 75, bastola ya Kicheki ambayo Wakenya huiita Ceska, ni ya 9mm.

• .40 S&W: Ilizaliwa 1990. Ina nguvu, ila teke lake ni kali.

• .45 ACP: Kazi ya John Browning. Jeshi la Marekani liliichukua pamoja na bastola ya M1911 mwaka 1911, likakaa nayo hadi 1985 lilipochagua Beretta ya 9mm.

Miami, Aprili 11, 1986

Siku hiyo maajenti 8 wa FBI walizuia gari la majambazi wawili wa benki, Michael Platt na William Matix. Mapigano yalidumu dakika chache tu, lakini zilifyatuliwa risasi zaidi ya 100.

Mapema kabisa, risasi ya 9mm ilimpiga Platt kwenye mkono wa kulia, ikapenya hadi kifuani. Jeraha lilikuwa la kufisha. Ila risasi ilisimama kabla ya kuufikia moyo, na Platt hakuanguka. Aliendelea kupigana kwa bunduki aina ya Ruger Mini-14, akawaua maajenti Jerry Dove na Ben Grogan. Wenzao watano walijeruhiwa. Ajenti Edmundo Mireles, mkono mmoja ukiwa umeshavunjwa na risasi, ndiye aliyewamaliza majambazi hao.

FBI walipochunguza, lawama nyingi ziliangukia risasi ile ya 9mm. Wakaweka kipimo kipya: risasi ifyatuliwe kwenye jeli maalumu inayofanana na nyama, na ipenye kati ya sentimita 30 na 46. Ikipungukiwa, haifiki ndani. Ikizidi, inaweza kutoka na kumpata mtu asiyehusika.

Wakaenda kwenye risasi kubwa zaidi, 10mm. Tatizo? Bastola ilirusha teke hadi maajenti wengi wakashindwa kuimudu. Ikapunguzwa baruti, na kutokana na wazo hilo ikapatikana .40 S&W. FBI wakaichukua 1997, na idara nyingi za polisi Marekani zilikuwa nayo.

Mbona wakarudi 9mm?

Mwaka 2014, kitengo cha mafunzo cha FBI kiliandika hoja za kurudi kwenye 9mm. Mwaka 2016 wakatoa mkataba kwa kampuni ya Glock wa bastola za kaliba hiyo. Sababu zao zinaeleweka hata kwa mtu ambaye hajawahi kushika bastola.

Ya kwanza ni kwamba risasi zenyewe zimebadilika. 9mm za leo zinazotengenezwa kwa kujilinda hufaulu kipimo kilekile cha jeli kilichowekwa baada ya Miami. Kwenye matokeo, pengo kati yake na .40 au .45 limekuwa dogo mno.

Ya pili, mpigaji hulenga vizuri zaidi. Teke likiwa dogo, mkono unarudi kwenye shabaha haraka. FBI waliona maajenti wao wengi wakipiga kwa kasi na usahihi zaidi wakiwa na 9mm.

Ya tatu ni idadi. Glock 19 ya 9mm hubeba risasi 15 kwenye magazini yake ya kawaida. M1911 ya .45 kwa kawaida hubeba 7.

Kwa nini idadi na shabaha vina uzito hivyo? Kwa sababu kwenye tukio halisi watu hukosa, tena sana. Uchambuzi wa taasisi ya RAND kuhusu polisi wa New York ulionyesha kuwa kati ya 1998 na 2006, katika mapambano ya kurushiana risasi, ni asilimia 18 tu ya risasi za polisi zilizompata mlengwa. Na hao ni watu waliofunzwa!

Sahau ya kwenye filamu

Kwenye muvi mtu akipigwa risasi ya bastola anarushwa hadi ukutani. Haipo hiyo. Kama risasi ingekuwa na nguvu ya kumrusha anayepigwa, ingemrusha pia anayepiga. Bastola yoyote ni silaha dhaifu ukilinganisha na bunduki ndefu, na hakuna kaliba ya kubeba kiunoni inayohakikisha mtu atasimama papo hapo. Kinachoamua zaidi ni mahali risasi ilipopita.

Hesabu ya kuchagua moja

Kwa wanaoruhusiwa kisheria, mambo ya kuangalia ni haya:

1. Mkono wako. Jaribu kwenye uwanja wa shabaha kabla ya kununua. Kama 9mm inakuumiza mkono au unashindwa kuvuta kilemba cha juu cha bastola, .380 unayoimudu ni bora kuliko .45 unayoiogopa.

2. Mfuko wako. Bastola bila mazoezi ni mzigo tu. Kati ya kaliba za kujilinda, 9mm kwa kawaida ndiyo ya bei nafuu na inapatikana kirahisi, kwa hiyo unafanya mazoezi mengi kwa pesa ileile.

3. Ukubwa wa bastola. Bastola ndogo ni rahisi kuficha, lakini teke lake linaongezeka. Nyepesi sana pia ni shida.

4. Aina ya risasi. Za mazoezi zina ncha nzima, hupenya na kuendelea na safari. Za kujilinda zina tundu kwenye ncha, hupanuka zikiingia mwilini, hivyo uwezekano wa kutokea upande wa pili ni mdogo. Azimio la Hague la 1899 lilizikataza vitani, lakini polisi huzitumia ili kuwaokoa walio nyuma ya mlengwa. Angalia pia sheria ya ulipo, maana baadhi ya maeneo huzizuia kwa raia.

5. Kubaki na moja. Ukiwa na kaliba moja nyumbani hutachanganya risasi. Risasi isiyo ya bastola hiyo inaweza kuikwamisha, au hata kupasua ganda na kukujeruhi.

Kwa mtu wa kawaida, hesabu hii huishia kwenye 9mm. Si kwamba .45 ni mbaya. Anayeipiga vizuri hana sababu ya kuhama.

Ukuta hauna huruma

Nyumba nyingi za Marekani zina kuta za ndani za jasi. Risasi za kujilinda za kaliba zote tulizotaja katika mabano ya 9mm, .40 na .45 zinaweza kuzitoboa. Ukikosa mwizi sebuleni, unaweza kumpata mtoto wako chumbani. Hakuna kaliba inayotatua hilo. Kinachosaidia ni kujua nani yuko nyuma ya unachokilenga.

Kabla hujaota kununua

Marekani, Mahakama ya Juu iliamua Juni 2022 kuwa raia ana haki ya kubeba bastola nje ya nyumba kwa kujilinda, na zaidi ya nusu ya majimbo hayadai kibali kwa anayekidhi masharti. Lakini kwa ndugu zetu walioko huko: mwenye viza ya muda, mfano ya masomo au utalii, kwa kawaida haruhusiwi na sheria ya shirikisho kumiliki silaha wala risasi, isipokuwa kwa ruhusa chache maalumu. Kosa hilo linaweza kukufikisha jela na kukufukuzisha nchini.

Kwetu ndiyo kabisa. Kenya leseni hupitia Bodi ya Leseni za Silaha, na Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Silaha bila leseni ni kesi nzito.

Na jambo la mwisho. Zaidi ya nusu ya vifo vya silaha za moto Marekani ni vya watu waliojiua. Wengine ni watoto waliokuta bastola mezani. Kabla ya kubishana 9mm au .45, nunua kwanza sanduku la kufuli la kuihifadhia, na kama nyumbani kuna mtu anayepitia kipindi kigumu, bastola isikae humo.