Tela la kambi la kujitengenezea: maji yakae wapi, mafuta yakae wapi

ANAYESAFIRI kwa gari kutoka Kasulu kwenda Kibondo hupita Makere, kata inayojulikana zaidi kwa jirani yake, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996. Mradi wa lami wa Kabingo–Kasulu–Manyovu, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, umeibadili sana safari ya barabara kuu. Lakini gari likikunja kuelekea mashariki, kwenye misitu ya miombo inayoteremka hadi bonde la Mto Malagarasi na Pori la Akiba la Moyowosi, mambo ni yale yale ya zamani: udongo mwekundu unaoteleza, makorongo na vijito visivyo na daraja.

Huko hakuna kituo cha mafuta, na maji ya mto hayanyweki kabla ya kuchemshwa. Warina asali, wapima ardhi, watafiti wa ndege na watalii wachache wanaolala porini kwa siku kadhaa hulazimika kubeba kila kitu. Gari moja likishajaa watu na mahema, kinachobaki ni kuvuta tela.

Matela ya kambi yanayouzwa tayari hutoka nje ya nchi, na bei yake ni ya kutisha. Fundi wa kuchomelea mwenye uzoefu wa mageti, mikokoteni na matela ya matrekta anaweza kulitengeneza kwa ekseli ya pikapu iliyochakaa, mabomba ya chuma ya mstatili na mabati. Kazi yenyewe si ngumu. Wengi hukosea katika jambo ambalo halionekani kabisa tela likiwa tupu mbele ya gereji, nalo ni mahali pa kuweka maji na mafuta.

Hesabu ya maji

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi hulenga lita 20 kwa mtu kwa siku kambini, zikiwamo za kufua na kuoga. Msafiri anayejibana anaweza kuishi kwa nusu ya hizo. Hivyo watu wanne kwa siku tano watahitaji lita 200, yaani kilo 200, sawa na magunia mawili ya mahindi yanayohamahama ndani ya tanki kila gari linapoinama.

Kanuni inayofuatwa na watengenezaji wengi ni kwamba takriban asilimia 10 ya uzito wote wa tela ulalie kiungio cha gari. Tela la kilo 700 lenye mzigo wake, kwa mfano, likandamize kiungio kwa kilo 70 hivi. Uzito ukipungua hapo, tela huanza kuyumba kama mkia wa samaki kwenye mteremko, na dereva hugundua akiwa amechelewa. Ukizidi mno, nyuma ya gari huzama na usukani huwa mwepesi kupita kiasi.

Sasa tuseme tanki la lita 200 limefungwa nyuma, mita moja kutoka kwenye ekseli, kwa sababu jiko liko nyuma na bomba la kunawia likiwa karibu ni starehe. Ikiwa kutoka ekseli hadi kiungio ni mita mbili na nusu, tanki hilo litaondoa kilo 80 kwenye kiungio. Zile kilo 70 zimekwisha, na tela sasa linalivuta gari kuelekea juu. Tanki lile lile likiwekwa mita moja mbele ya ekseli litaongeza kilo 80, na siku ya tano, maji yakiwa yamekwisha, kiungio kitakuwa na uzito tofauti kabisa na wa siku ya kwanza.

Kwa sababu hiyo tanki hukaa juu ya ekseli yenyewe au mbele yake kidogo sana, chini ya sakafu, ambako halisumbui mizani likijaa wala likiisha. Ni bora zaidi kutumia matanki mawili ya lita 100. La kwanza huishia kabisa kabla ya la pili kufunguliwa, kwa kuwa tanki lililojaa nusu ndilo linaloyumbisha. Tanki kubwa moja likilazimika, liwe na kuta za ndani zenye matundu za kuyazuia maji yasikimbie yote upande mmoja.

Kupima uzito wa kiungio hakuhitaji chombo cha kigeni. Mizani ya jukwaa ya wanunuzi wa mazao inatosha: mkono wa tela huegeshwa juu ya gogo lililosimamishwa kwenye mizani, kwa kimo kile kile cha kiungio cha gari, tela likiwa na mzigo wote.

Debe, dumu na hatari yake

Neno debe, linalotumiwa hadi leo kupimia mahindi na maharage, ni ukumbusho wa kopo la bati la galoni nne, kama lita 18, lililoleta mafuta ya taa katika nchi hizi. Makopo ya aina hiyo yaliwatesa Waingereza jangwani Afrika Kaskazini katika Vita Kuu ya Pili kwa kuvuja, hata wakayapenda madumu ya chuma ya lita 20 waliyoyateka kwa Wajerumani na kuyaiga. Dumu hilo halijabadilika sana tangu hapo, nalo ndilo linalofaa kwa tela.

Madumu manne hubeba lita 80. Yakiwa na dizeli huzidi kilo 80, pamoja na uzito wa madumu yenyewe. Hufungwa yakiwa wima kwenye fremu ya nje, mbele ya sanduku la tela, mbali na jiko. Nyuma kabisa si mahali pake, kwa kuwa hapo ndipo gari jingine hugonga. Ndani ya sanduku ni kubaya zaidi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama sakafuni, kati ya magodoro, ukisubiri cheche.

Dumu la plastiki lililokuja na mafuta ya kula halifai kwa petroli hata kidogo. Mfuniko wake hauzibi barabara, na jua likiwaka dumu hutuna. Hata la chuma lisijazwe hadi mdomoni, na wakati wa kulijaza liwekwe chini ardhini, si juu ya tela, ili umeme tuli usiruke. Anayeona huu ni woga akumbuke Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo lori la mafuta lililopinduka liliwaka na kuua watu zaidi ya 100.

Kuna hatari nyingine isiyo na kishindo. Dumu lililowahi kubeba mafuta halirudi tena kwenye maji ya kunywa, lioshwe kwa sabuni mara ngapi. Gizani vyombo hufanana. Madumu ya mafuta yapakwe rangi nyekundu, ya maji yawe ya buluu, na yasiwahi kukaa upande mmoja.

Fremu na magurudumu

Mabomba ya milimita 100 kwa 50 hutosha kwa mkono na fremu. Kosa la kawaida la fundi ni kuchomelea kipande kikikatiza sehemu ya juu au ya chini ya mkono, pale unapotokea kwenye sanduku. Hapo ndipo chuma hupinda zaidi, na ufa huanzia kwenye mshono. Mshono upite ubavuni, kufuata urefu wa chuma.

Magurudumu yawe na nafasi sawa na ya gari, ili yafuate alama zile zile kwenye tope, na rimu ziwe za aina moja, ili tairi moja la akiba lihudumie pande zote mbili. Springi za pikapu mara nyingi ni ngumu mno kwa tela jepesi. Kupunguza jani moja au mawili huzuia kurukaruka kunakovunja vyombo. Kiungio cha kichwa cha chuma cha mviringo hufaa lami. Kwenye makorongo, ambako gari huinama kulia na tela kushoto, pete na ndoano inayozunguka ndiyo salama, pamoja na minyororo miwili iliyopishana chini yake.

Kwenye kijito, subira ya robo saa huokoa beringi. Habu iliyopata moto ikizamishwa ghafla kwenye maji baridi hunyonya maji ndani, na grisi huharibika bila dereva kujua.

Tela linalopita barabarani linahitaji usajili wa TRA, taa za nyuma zinazowaka na vimulika. Kulala ndani ya Moyowosi kunahitaji kibali cha mamlaka ya wanyamapori, TAWA, na maeneo ya kambi za wakimbizi hayaingiwi bila ruhusa ya Wizara ya Mambo ya Ndani.

Safari ya kwanza iwe fupi, maji yakiwa yamejaa na madumu ya mafuta yakiwa matupu. Baada ya kilomita 50 za barabara ya vumbi, nati za magurudumu na bolti za springi zikazwe upya, mishono yote ikaguliwe kwa tochi, na habu ziguswe kwa mkono. Habu iliyo ya moto kuliko mwenzake ifunguliwe hapo hapo.