Kazi Njo Baba, Kazi Njo Mama: Karne Moja ya Kuongoza Wafanyakazi Katanga



Wale waliosoma usimamizi wa watu kwenye inivesite wanayajua majina haya: Elton Mayo na majaribio ya kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, yaliyoanza mwaka 1924, Abraham Maslow na ngazi yake ya mahitaji ya mwaka 1943, Frederick Herzberg na kitabu chake cha mwaka 1959. Tunayaandika kwenye mtihani, tunapata pointi, tunasahau. Lakini miaka ileile ambayo wataalamu wa Hawthorne walikuwa wakichunguza wanawake wachache ndani ya chumba kimoja, hapa kwetu Katanga kampuni moja ilikuwa ikijaribu mambo makubwa zaidi, kwa maelfu ya watu pamoja na wake zao na watoto wao. Historia ile hatuisomi sana, na ni historia ya babu zetu.

Swali lilikuwa moja tu, na hata leo mabosi wa Kolwezi wanaliuliza: nini inafanya mtu abaki kwenye kazi, na aifanye kwa moyo?

Miaka ya kukimbiza watu

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikatoka. Shaba ilikuwepo, mashine zilikuja, lakini watu wa kazi walikosekana. Mwaka 1910 ikaundwa Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kutafuta vibarua vijijini. Wengine wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo.

Kutafuta watu namna ile hakukuwa kuomba. Machifu walishinikizwa watoe vijana. Vijana walisafiri mbali, wakafika wamechoka, wakalala kwenye vibanda vilivyojaa, wakala chakula wasichokizoea. Wengi walikufa kwa nimonia, kuhara na homa za matumbo, na mwaka 1918 homa kubwa ya mafua ikaongeza msiba. Kontra zilikuwa za miezi tu. Mtu akianza kuijua kazi, siku zake zimekwisha, anarudi kwao. Wengine walikimbia hata kabla ya siku kufika.

Sasa piga hesabu ya bosi wa wakati ule. Unalipa mtu wa kutafuta vibarua, unalipa safari, unalipa chakula cha njiani, unamfundisha mtu kazi, na baada ya miezi michache unaanza upya. Tena vijiji vilianza kubaki bila wanaume, mpaka serikali ya kikoloni yenyewe ikaweka mipaka ya watu wanaoruhusiwa kuchukuliwa. Na kusini, migodi ya Rhodesia ya Kaskazini ilikuwa inafunguka, ikihitaji watu wake yenyewe. Mlango ule ulikuwa unafungwa.

Mke, nyumba na posho

Hapo njo kampuni ilibadili njia. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 ilianza kutafuta watu wa kukaa. Walitoka Lomami, Ruanda-Urundi, na pia wilaya ya Lulua ya wakati ule, ambayo Sandoa ilikuwa ndani yake. Kontra ikawa ya miaka mitatu. Na jambo kubwa kuliko yote: mfanyakazi aliruhusiwa, hata alisukumwa, kuja na mke wake.

Mtu aliyesimamia fikra hii alikuwa daktari Mbelgiji, Léopold Mottoulle. Aliongoza siasa ya wafanyakazi Waafrika ndani ya kampuni, na mwaka 1946 alichapisha kitabu juu ya siasa hiyo. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mtu mwenye afya, aliyeshiba, mwenye mke na watoto karibu, hakimbii, na anajifunza kazi vizuri. Kwa hiyo kambi zikajengwa. Posho ya unga, maharagwe, nyama na mafuta ikatolewa. Zahanati zikafuatilia wajawazito na watoto wachanga. Shule zikafunguliwa mikononi mwa wamisionari Wakatoliki. Vifo vikapungua, watu wakabaki, na watoto waliozaliwa kambini wakakua kuwa wafanyakazi wa kampuni. Wakati huohuo migodi ya dhahabu ya Johannesburg iliendelea kuchukua wanaume peke yao, wake wakibaki kijijini.

Tuseme kweli: hawakufanya hivyo kwa upendo. Ilikuwa hesabu. Uchumi wa dunia ulipoanguka baada ya 1929, zaidi ya nusu ya wafanyakazi waliondolewa ndani ya muda mfupi. Wengi walirudi vijijini. Wakati ule kijiji njo kilikuwa pansioni: mtu aliyefukuzwa alikuta shamba, ndugu, na mahali pa kulala. Mushike jambo hili, litarudi.

Lakini hata kama ilikuwa hesabu, ilifundisha somo ambalo mabosi wengi wa leo hawajalielewa. Mtu haji kazini peke yake. Anakuja na mtoto mwenye homa, mke mwenye mimba, kodi ya nyumba, na kesho yake. Ukiajiri mikono tu, utapata mikono tu, na mikono ile itaondoka siku yoyote ikipata pengine.

1941: walishiba, lakini hawakusikilizwa

Herzberg aliandika kwamba vitu vinavyomfanya mtu asikasirike si vilevile vinavyomfanya aipende kazi. Nyumba na chakula vinazuia hasira, lakini si basi. Katanga ilikuwa imeonyesha jambo la namna hiyo miaka 18 kabla ya kitabu chake, tena kwa damu.

Ndani ya kambi, mkubwa wa kambi alikuwa juu ya kila kitu. Nani anapata nyumba, nani anaingiza mgeni, mtoto wa nani haendi shule, yote yalipita kwake. Mfanyakazi alipewa vingi, lakini hakuulizwa chochote. Chama cha wafanyakazi Waafrika hakikuruhusiwa.

Vita ya pili ya dunia ikaja. Shaba ya Katanga ilihitajika sana, kazi ikaongezeka, bei za vitu zikapanda, mishahara ikabaki nyuma. Desemba 1941 wafanyakazi wakagoma Likasi na Lubumbashi. Tarehe 9 Desemba, kwenye uwanja wa mpira wa Lubumbashi, walikusanyika kudai mshahara. Msemaji wao alikuwa Léonard Mpoyi, mtu aliyesoma, karani wa kampuni. Gavana Amour Maron alikuja na askari. Risasi zikapigwa. Mpoyi aliuawa, na makumi ya wenzake wakafa pamoja naye.

Angalieni vizuri. Watu hawa njo walikuwa wale wa posho, wa zahanati, wa nyumba za matofali. Njia yao ya kusema ilikuwa moja tu, kusimama uwanjani. Na Mpoyi alikuwa karani, mwenye elimu yake, mtu wa aina yetu. Shule ilimpa mtu maneno, halafu kampuni ikakataa kuyasikia.

Mwaka 1946 serikali ya kikoloni iliruhusu vyama vya Waafrika na mabaraza ya wafanyakazi ndani ya kampuni. Nguvu ya vyombo vile ilikuwa ndogo, vilizungumza mambo madogo, lakini mlango ulifunguliwa kidogo. Ulifunguliwa baada ya watu kuzikwa.

Gécamines, baba mpya

Kolwezi yenyewe ni mtoto wa kampuni. Union Minière iliijenga kuanzia mwaka 1937 kwa ajili ya migodi ya magharibi: Ruwe, Musonoi, halafu Kamoto. Serikali ya Mobutu ilipochukua mali ya Union Minière mwanzoni mwa 1967, na kampuni ikaja kuitwa Gécamines, namna ya kulea watu iliendelea. Shule za Gécamines, hospitali za Gécamines, unga wa Gécamines. Wakongomani wakapanda vyeo, wakawa wahandisi na wakurugenzi. Watu walisema kazi njo baba, kazi njo mama. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka na kuajiri zaidi ya watu 30,000.

Halafu baba akaanza kuugua. Pesa ya kampuni ilikwenda kwenye matumizi ya serikali, mashine hazikutengenezwa. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1991 uporaji ulipita nchini. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa Katanga, na pamoja nao mafundi na wakubwa wa kazi waliokuwa na ujuzi wa miaka mingi. Mwaka 1994 shaba ilikuwa chini ya tani 50,000.

Mishahara ikachelewa mwezi, ikachelewa mwaka. Na hapa kuna jambo la kushangaza: watu wengi waliendelea kwenda kazini. Kwa nini? Nyumba ilikuwa ya kampuni, shule ya kampuni, hospitali ya kampuni, na jina la mtu lilikuwa la kampuni. Baba ni mgonjwa, humwachi. Lakini pia hawakuwa na pa kwenda. Babu aliyefukuzwa miaka ya 1930 alirudi kijijini. Mjukuu aliyezaliwa kambini hakuwa na shamba, na pengine hata lugha ya kijiji hakuijua. Ile siasa iliyomtoa mtu kijijini ili abaki kazini ilikuwa imemfungia mlango wa nyuma.

Mwaka 2003, kwa msaada wa Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliingizwa kwenye mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Walipewa pesa ya kuondokea, ambayo wengi walisema haikufika kwenye deni lao, na wamelidai kwa miaka mingi. Wengine walinunua gari la taksi, wengine walifungua duka, wengine walilipa madeni na shule, pesa ikaisha. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Inivesite ya Lubumbashi, alikuwa ameandika kitabu juu ya familia hizi miaka miwili kabla. Jina lake kwa Kifaransa, *Bana Shaba abandonnés par leur père*, linamaanisha watoto wa shaba walioachwa na baba yao.

Kolwezi ya leo, na wewe

Leo wakubwa ni wengine: KCC, Sicomines, Kamoa, COMMUS na wenzao. Shaba na kobalti zinatoka kuliko zamani. Lakini wafanyakazi wengi hawaajiriwi na kampuni yenye mgodi. Wanaajiriwa na kampuni ndogo za katikati, kwa kontra fupi. Sheria ya Februari 2017 inasema kazi hizi za katikati ni za kampuni zenye mtaji wa Wakongomani wengi. Sawa, ni vizuri pesa ibaki nyumbani. Lakini maana yake ni kwamba bosi wa kibarua leo mara nyingi ni ndugu yetu mwenye diploma. Kesho ni wewe.

Sandoa ni nchi ya mashamba, na vijana wake wanapanda magari kwenda Kolwezi. Mwingine ataingia biro ya wafanyakazi, mwingine atakuwa kapita wa watu kumi, mwingine atafungua kampuni yake. Historia hii inawapa nini? Kwa maoni yangu, inawapa mambo manne.

Kwanza, kontra ya miezi mitatu-mitatu njo ile ya 1910 imerudi. Ukimwambia mtu kwamba kesho yake haikuhusu, usishangae akikuibia mafuta au akikimbilia kwa jirani kwa nyongeza ndogo. Palipo na kazi ya mwaka, mpe kontra ya mwaka, na mwelezee kwa lugha anayoisikia.

Pili, lipa siku uliyosema. Pesa haipo? Sema mapema, wewe mwenyewe, mbele ya watu. Kimya cha bosi kinavunja moyo kuliko mfuko mtupu.

Tatu, weka mahali pa kusema ambapo mtu haadhibiwi kwa kusema. Kila kikundi kina Mpoyi wake. Ukimsikiliza mezani, hatalazimika kusimama uwanjani.

Nne, usijifanye baba. Hili ni gumu kwetu, kwa sababu tunapenda kuitwa papa shefu, na mtu mwenye shida anapenda kuwa na papa. Mpe mtu haki yake: mshahara, matibabu yake na ya familia kama sheria inavyotaka, na ujuzi ambao utabaki kichwani mwake siku kampuni ikifungwa. Fundi uliyemfundisha kuchomelea vizuri anaweza kukuacha. Ndiyo. Lakini akibaki, ujue amebaki kwa kutaka. Wale wa 2003 walibaki kwa sababu hawakuwa na mlango mwingine, na bosi anayejengea kampuni yake juu ya watu wasio na mlango, siku moja atawaacha njiani wote pamoja.

Wazee waliotoka Sandoa kwenda migodini wengi hawakuacha maandishi. Lakini wale wa Gécamines bado wako, kwenye viti vyao mbele ya nyumba, Kolwezi, Likasi, Lubumbashi. Kabla hujasaini kontra ya mtu wa kwanza utakayemwajiri, kaa na mmoja wao saa moja. Muulize bosi gani alimfanyia kazi kwa moyo, na kwa nini. Usibishe. Sikiliza tu.