Mteja Asiyeumia

Mwaka 1963, wanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles, walikutana na mgonjwa aitwaye Patty Dugger, mwenye miguu iliyopooza kwa maradhi ya neva. Walimpima, wakamhoji, wakaondoka. Mgonjwa akainuka na kujaza fomu ya kuwatathmini. Jina lake halisi lilikuwa Rose McWilliams, na miguu yake ilikuwa mizima.

Aliyemfunza ni daktari wa neva, Howard Barrows. Wazo lilimjia kupitia mgonjwa wa kweli aliyekiri kwamba, alipotendewa kwa ukali na daktari mmoja kwenye mtihani, alibadilisha dalili zake makusudi. Basi mtu mwenye afya naye angeweza kufunzwa kuziigiza dalili hizo. Wenzake walimbeza, lakini mbinu ilidumu. Mwaka 1975, Ronald Harden wa Dundee, Scotland, alichapisha muundo wa mtihani ambamo mtahiniwa huzunguka kituo hadi kituo, na wagonjwa wa kuigiza wakapata nafasi humo.

Ustawi wa jamii ulichelewa kuifuata mbinu hii. Wanafunzi walizoea kuigiziana darasani, huyu ofisa, yule mama aliyepigwa na mumewe. Lakini ni vigumu kutetemeka mbele ya rafiki uliyekunywa naye chai asubuhi. Kilio cha kweli walikuja kukutana nacho kazini, mbele ya familia ambayo tayari ilikuwa imeumia, na kosa la mgeni wa kazi lililipwa na familia hiyo. Hilo ni deni zito mno kumbebesha mteja.

Mwaka 2011, Marion Bogo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha kazi yao ya kuuleta mtihani wa vituo katika ustawi wa jamii. Mwanafunzi humhoji mwigizaji aliyefunzwa kisa chake, mtahini akitazama. Kisha huulizwa alichokuwa akiwaza: kwa nini aliuliza hili, akaliacha lile? Swali hilo ndilo moyo wa mbinu yote, kwani ofisa anaweza kusema maneno sahihi bila kumwelewa aliye mbele yake.

Uviko-19 ulipofunga vyuo na vituo vya mafunzo kwa vitendo mwaka 2020, waigizaji walihamia kwenye skrini. Hapo likazuka somo jipya. Mama anajibu kwa mkato, macho yakikimbilia pembeni mwa kamera, na mwanafunzi anapaswa kujiuliza ni nani mwingine yumo chumbani.